Hatua Kumi na Nne Hadi kwa Mama Mkwe

Wenzangu wa ghala la pamba, leo nimeaibika, na nawaandikia mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine.

Mnajua tangu nilipodondoka kwenye lori nikagonga kichwa, mguu wangu wa kushoto umekuwa na akili zake. Mwezi wa tatu huu niko hospitalini najifunza kutembea upya (mtu mzima, baba wa watoto wawili). Kila asubuhi Mama Kabula, muuguzi wa mazoezi, anachora mstari wa chaki barazani, nami naufuata na fimbo yangu kama mlevi aliyekamatwa.

Leo akaninyang'anya fimbo.

"Tazama mbele, Shija. Usitazame miguu, haiendi popote bila wewe."

"Na nikianguka?"

"Nipo nyuma yako."

Nikaenda. Hatua tano. Nane. Jasho linanitoka, lakini naenda. Ya kumi na mbili nikaona waliosimama mwisho wa mstari: mke wangu, na mama yake kutoka Songwa, kapu la michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa mkononi. (Nilishadokezwa. Mama alikuwa anakuja kujionea kama binti yake bado ana mume au ana mgonjwa wa maisha.)

Kwetu mama mkwe humgusi. Unamsalimia kwa mbali, umeinama. Na Mama Kabula alishanikataza kuinama, maana nikishusha kichwa dunia inazunguka. Nikasahau. Heshima ilinizidi.

"Shikamoo, ma..."

Sikumaliza. Miguu ikapiga hatua mbili za haraka bila ruhusa yangu, nikamkumbatia mama mkwe kiunoni, tukaenda chini wote wawili. Michembe ikatapakaa baraza zima. Wagonjwa wakanyoosha shingo kutazama. Hata mtoto aliyekuwa akilia kwa kuogopa sindano akaja kuchungulia.

Kutoka sakafuni ikaja sauti tulivu:

"Marahaba, baba."

Mama Kabula, yule wa nyuma yangu, alikuwa ameshika ukuta kwa kicheko.

Tukainuliwa. Mama mkwe akajipangusa vumbi, akamgeukia binti yake.

"Mliniambia hatembei. Mbona amenifuata mwenyewe?"

Akasema wiki ijayo atarudi kuniona, ila atasimama mbali kidogo. Mama Kabula akaandika kwenye daftari: hatua kumi na nne, bila fimbo. Nikamwomba zile mbili za mwisho asizihesabu. Akakataa.

Sasa naomba asicheke mtu huko ghalani. Mke wangu tangu asubuhi anacheka kwa niaba yenu wote.