Pango la Babu Yangu, Si la Babu Yao

Jumatatu, 10 Juni

Dharau! Dharau ya wazi, tena imebandikwa kwenye mlango wa ofisi ya manispaa kwa gundi ya serikali. Pango letu litawekewa kibao kipya kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Yohana, na kitasomeka: Pango la Zosimo Cossu. Zosimo Cossu! Mzee aliyeogopa hata maji ya beseni. Pango lile aliligundua babu yangu, Bachisio Pintus, siku alipokuwa akiwakimbia polisi na nguruwe wa watu mabegani. Kijiji kizima cha Porto Ruju kinajua. Au kilijua, kabla wenye kujua hawajafa.

Na nani kapeleka jina la Zosimo? Shemeji yangu Gonario Cossu, anayewatembeza watalii ufukweni na ile kofia yake pana ya nyasi, utadhani askofu wa mchanga. Zosimo ni babu yake. Ni babu wa mke wangu Bonaria pia, kwa hiyo nyumbani sina mtetezi. Nimemwambia Bonaria kwamba ukweli ni ukweli. Akasema supu inapoa.

Nimekwenda kwa katibu wa manispaa, Bi. Graziella. Kasema kamati itapita pangoni Ijumaa, na mwenye ushahidi auonyeshe hapo hapo. Ushahidi! Mtu anakimbia na nguruwe, aache ushahidi saa ngapi? Lakini sawa. Wanautaka, watapata.

Jumanne, 11 Juni

Nimekwenda kuutafuta. Nimevuka vilima vya mchanga saa nne asubuhi, upepo ukinijaza mchanga mdomoni kila nilipoufungua kulaani. Vilima vile havina adabu. Juzi njia ilipita kushoto kwa miti ya mwangati, leo kushoto kuna ukuta wa mchanga. Nimepanda, nimeteremka kwa makalio, nimepanda tena, kumbe ni kilima kilekile. Kutoka juu nikamwona Gonario chini ufukweni akiongoza Wajerumani sita kwa mstari. Akanipungia mkono. Nikajifanya natazama meli.

Pango halina mlango ila wa baharini, lazima uzunguke mwamba ndani ya maji ya kiunoni. Nimepekua kila ufa. Nilichopata: kopo la dagaa, ndala moja ya mtoto, na kinyesi cha njiwa, kingi, kingine kikinifuata kichwani kikiwa bado cha moto. Mfupa wa nguruwe hakuna. Nimetoka nimewakasirikia njiwa, na babu naye kidogo. Mtu agundue pango zima, asiache hata kifungo cha shati?

Jumatano, 12 Juni

Nimepata wazo! Babu hakuacha alama kwa sababu alikuwa na haraka. Mimi ni mjukuu wake. Kumalizia kazi aliyoiacha njiani si uongo, ni heshima kwa wazee.

Saa nane mchana, kijiji kimelala baada ya chakula, mbwa nao wamelala, nikabeba nyundo na patasi. Nimechonga saa mbili nzima kwenye ukuta wa ndani, palipo pakavu: BACHISIO PINTUS 1921. Herufi za kupendeza. S moja tu ndiyo imegeuka. Kisha nikazipaka kahawa na siki zionekane za zamani. Machozi yalinitoka. Huenda ni siki, lakini uchungu wa babu nao ulikuwemo.

Bonaria kauliza kahawa ya wiki nzima imekwenda wapi. Nimesema nimeinywa. Akanitazama ninavyosinzia mezani.

Ijumaa, 14 Juni

Sitaki kuandika. Naandika kwa sababu hakuna mwingine atakayeniandikia haki yangu.

Walikuja watatu: Bi. Graziella kashika viatu mkononi, Gonario na kofia, na Priamo, mlinzi wa misitu, ambaye hakualikwa na mtu yeyote. Nikawaacha watangulie, kisha nikatoa ule ukelele wa mshangao niliokuwa nimeufanyia mazoezi bafuni. Wote wakageuka. Bi. Graziella akalisoma jina kwa sauti, na nakiri moyo ulinijaa. Jina la babu, likivuma ndani ya pango lake mwenyewe! Kama kungekuwa na haki duniani, kamati ingeondoka hapo hapo.

Haikuondoka. Priamo akapitisha kidole kwenye ile B, akakinusa, akakiweka ulimini. Akasema ni kahawa, na si mbaya. Kisha akaeleza kwamba ukuta wa pango ni mali ya umma, kuuchonga ni kosa, na akatoa daftari.

"Jina lako nani, bwana?"

"Priamo, wewe ulikula kwenye harusi yangu."

"Nililiwa na mbu pia. Ni utaratibu tu. Jina."

Nikalitaja, kichwa juu, kama tulivyolelewa. Bachisio Pintus. Priamo akatazama ukuta, akatazama daftari, akanakili kutoka ukutani ili asikosee herufi.

Nikamweleza kwamba hapa kwetu mjukuu huchukua jina la babu, kila mtu anajua, yeye mwenyewe ni Priamo mjukuu wa Priamo! Akakubali kabisa. Akataka hata kusitisha kuandika. Ndipo Gonario akafungua mdomo, kwa ile sauti ya upole ninayoichukia kuliko matusi.

"Shemeji, babu yako alikuwa akisaini kwa msalaba. Kitabu cha ndoa kiko kanisani, nimekiona. Mzee hakuijua hata hiyo B."

Kwa hiyo kusoma ndiyo sharti la kuingia pangoni siku hizi! Nimerudi nyumbani peke yangu, kwa njia ndefu.

Jumatatu, 17 Juni

Adhabu: nisugue ukuta kwa brashi kila siku hadi sikukuu. Msimamizi: Gonario! Kahawa imetoka. Herufi hazitoki, nilizichonga vizuri mno. Kibao kimesimikwa leo asubuhi, Pango la Zosimo Cossu, na chini yake onyo kwamba hairuhusiwi kuandika ukutani. Onyo hilo linanihusu mimi, halafu jina langu halimo. Hata kwenye onyo wameninyima!

Gonario sasa anawasimamisha watalii pale ndani na kuwaambia ndipo Bachisio Pintus alipoandika jina lake. Mwanamke mmoja kauliza Bachisio yupi. Akasema yule mwenye brashi. Wakanipiga picha kumi na moja. Zosimo hakupigwa hata moja.

Jioni mwanangu mkubwa, Antioco, amefika kutoka Sassari. Wiki ijayo ana usaili wa kazi ya ulinzi wa misitu, kazi aliyoihangaikia miaka mitatu. Mama yake anapiga pasi shati jeupe utadhani kijana anaoa. Antioco kanisomea mezani sheria zote za miti inayolindwa hadi nikasinzia. Kisha akaniomba, kwa heshima sana, kwamba hadi usaili upite nisiguse kitu chochote. Nimemwahidi. Pango siligusi tena, pango limejaa akina Cossu.

Lakini kile kilima kikubwa cha mchanga hakina jina. Wa kwanza kukipanda ni marehemu baba yangu, hilo hata Gonario hawezi kulipinga. Mchanga hauchongeki, ila pale juu kuna mwangati mkongwe wenye shina pana, na kisu kinatosha. Kesho mchana, wakilala. Na safari hii sirudii ule ujinga wa kuandika jina langu. Nitaandika la baba, kubwa, lisomeke toka baharini: ANTIOCO PINTUS. Hapo nani atanishuku mimi?