Pole Niliyompa Mume Wangu kwenye Shimo la Saba

Nyumba za Ondiek,
Kisumu.
16 Oktoba, 1972.

Kwa Katibu,
Kamati ya Mashindano,
Klabu ya Gofu ya Kando ya Ziwa.

Bwana Katibu,

KUH: KUONDOLEWA KWANGU KWENYE KAMBA YA WATAZAMAJI

Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na nyasi zako pia zi nzima, maana nilizitazama kwa karibu siku ya mashindano nikaona zina afya kuliko watoto wengi wa mtaa huu. Sisi huku hatujambo, isipokuwa mume wangu Dalmas, ambaye tangu siku ile anatembea ameinama kidogo na hataki kuona mchanga.

Mimi ni Agneta, mke wa huyo Bwana Dalmas, yule mkuu wa stoo ambaye siku alipokalia ofisi ya Mzungu aliyerudi kwao alipewa kiti, meza, simu na uanachama wa klabu yako, vyote kwa pamoja. Kabla ya kuolewa nilifundisha darasa la pili kule Maseno, kwa hiyo najua kuandika barua bila kutukana. Naomba uisome hadi mwisho ukiwa umeketi.

Barua yako nimeipata. Aliileta mume wangu mwenyewe, kama mtoto aliyetumwa na mwalimu kumwita mzazi. Inasema kwamba kwa kuwa nilimfundisha mchezaji katikati ya mashindano ya ubingwa, nisionekane tena kwenye kamba ya watazamaji, hata katika ubingwa wa Desemba. Bwana Katibu, tangu tuoane sijawahi kumfundisha Bwana Dalmas kitu chochote. Hafundishiki. Uliza ndugu zake. Ninachoomba ni kimoja tu, marufuku hiyo iondolewe kabla ya Desemba nirudi mahali pangu kwenye kamba. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Neno lenyewe. Mpira wa mume wangu uliingia kwenye handaki la mchanga lililo mbele ya shimo la saba. Akapiga, mchanga ukatoka, mpira ukabaki. Nikasema, "Pole." Akapiga tena, ukatoka mchanga mwingi zaidi, hadi nikadhani anachimba choo, na mpira ukabaki. Nikasema tena, "Pole." Yule mgeni wenu wa Nairobi mwenye kofia nyeupe, aliyekuwa akicheza naye, na ambaye Kiswahili chake ni cha jikoni, akachukua pole yangu ya kwanza akaiunganisha na ya pili akapata "polepole." Akapaza sauti kwamba mke anamwelekeza mumewe apunguze kasi ya fimbo, na kwamba sheria hairuhusu mchezaji kufundishwa na mtu yeyote ila mbeba fimbo wake. Kamati ikakaa palepale juu ya nyasi ikamwongezea mume wangu mapigo mawili. Mimi nilisema mara mbili kwa sababu alikosa mara mbili. Angekosa mara tano ningesema mara tano. Na kwa kweli alikosa mara tano, ila zile tatu za mwisho niliziona nikiwa nje ya seng'enge, maana nilikuwa nimeshaondolewa na askari.

2. Utetezi wangu, na jinsi ulivyoharibiwa. Nilipoona Kiswahili kimeleta matata nikajieleza kwa Kijaluo. Nikasema nilikuwa na maana ya "mos" tu, neno tunalomwambia mtu aliyejikwaa, aliyeungua, aliyefiwa, hata aliyetoka safari. Hapo Mzee Zadock wa kamati yako, ambaye ni mtu wa kwetu na nilimtegemea, akavua miwani akasema, "Ni kweli anavyosema mama, lakini mos pia ni kwenda taratibu." Nikamtazama sana. Je, ni kosa langu kwamba lugha zote mbili ziliamua anayehurumiwa na anayekimbia waambiwe neno moja? Kama ipo lugha ambayo pole yake haina mwendo ndani yake, liandikeni jina lake pale langoni. Nitajifunza kabla ya Desemba.

3. Hotuba yako. Siku ya kutoa kikombe ulisema, nasi tuliokuwa nje ya seng'enge tulikusikia vizuri, kwamba nyasi mliziacha zikue makusudi, mashimo mkayasogeza kwenye miteremko, na mchanga mkauongeza, kwa sababu hakuna kitu kitamu kutazama kama gofu ngumu. Ukaahidi kwamba Desemba itakuwa ngumu zaidi, na watu wakapiga makofi.

Kitamu kwa nani, Bwana Katibu? Nilimwona meneja wa benki akiingia kwenye nyasi ndefu, akapotea, tukabaki kuona fimbo tu ikipanda na kushuka. Nilimwona mwenye duka la vitambaa akigusa mpira ukapita shimo, akaugusa kutoka upande wa pili ukapita tena, akaenda na kurudi hivyo mpaka mbeba fimbo wake akageuka akatazama ziwa. Bingwa mwenyewe, yule mliyempa kikombe, alikaa chini karibu na shimo la kumi na mbili akavua kiatu kimoja bila sababu yoyote. Hata kiboko alitoa kichwa majini, akatutazama, akazama. Yeye hakuandikiwa barua.

Mtu aliyelelewa vizuri hawezi kuona mambo hayo akafurahi. Mimi sikufurahi hata kidogo. Jirani yangu Mama Nekoye, niliyekwenda naye, alifurahi kiasi, lakini alikuwa amekunywa soda. Mimi nilifika asubuhi mapema na kigoda changu na njugu zangu, nikapata nafasi ya mbele, nikahuzunika mfululizo. Sikwenda hata kula. Niliogopa huzuni ya meneja wa benki ingenipita nikiwa nyumbani.

4. Kile kibao kinachosema WATAZAMAJI WANYAMAZE. Kwetu Asembo mtu akipatwa na jambo na jirani akanyamaza, watu huanza kuuliza huyo jirani alikuwa wapi jana. Sasa fikiria sisi, umati mzima, tumesimama tumemkazia macho mtu mzima anayehangaika kwenye shimo, na hakuna anayesema neno. Tulionekana kama watu waliomroga. Mgeni akipita barabarani angesema hawa ndio waliofanya, sasa wanangoja kuona kama dawa imeshika.

Na matokeo yake yalifika mpaka nyumbani kwangu. Habari zilienda kijijini kwa mume wangu, Pap Onditi, kwamba Dalmas ameumia vibaya kwenye gofu. Shangazi yake akaja na kuku, amejifunga leso kichwani, tayari kwa kilio. Mume wangu akamweleza kwamba hakuna aliyekufa, ni kwamba tu alipiga mia moja thelathini na sita. Shangazi akashika kichwa. "Uwi! Watu mia moja thelathini na sita! Wamelazwa wapi?" Tulimweleza mpaka kuku akaiva. Aliondoka bado anaamini kwamba serikali inalificha kosa la Dalmas kwa sababu ana cheo.

5. Bwana Dalmas mwenyewe. Hili si la kuandikia klabu, lakini kalamu imeshafika hapa.

Mume wangu ni mtu wa haki. Halewi, hapigi, na samaki analeta. Lakini pole haitoki mdomoni mwake. Husema pole haijamponya mtu. Sufuria iliponiangukia mguuni, alinieleza jinsi sufuria inavyoshikwa. Mwaka nilipofiwa na mama yangu, alitafuta lori, mbao na seremala, alisimamia kila kitu mpaka watu wa Asembo wakamsifu, na mimi nikingoja aniambie mos, moja tu, naye akaniambia lori litaondoka saa mbili. Hilo liliniuma, na mpaka leo linaniuma. Tangu apewe ofisi ndiyo amezidi. Sasa anajua jinsi makaa yanavyopangwa jikoni, jinsi sukari inavyokorogwa, na mkono upi wa kukunjia shati.

Kwa hiyo nilipomwona ndani ya handaki lile, mchanga mpaka kwenye nyusi, ningeweza kumweleza jinsi fimbo inavyoshikwa. Nilikuwa nimeona wengine wakishika. Sikumweleza. Nilimwambia pole, ili angalau mara moja aisikie ilivyo. Na ninyi mkaihesabu kuwa mapigo mawili.

6. Maombi yangu. Kwanza, nyasi zikatwe zisipite kifundo cha mguu, na kila shimo lipanuliwe liweze kupokea sufuria ya ugali wa harusi. Handaki la shimo la saba lifukiwe, lipandwe mihogo. Gofu ikiwa rahisi hakuna atakayehitaji pole, na kibao chenu cha kunyamaza kitatiiwa bila askari.

Hilo likishindikana, basi pole iruhusiwe, moja kwa kila kosa, kwa sauti ya kawaida. Na kama wachezaji hawataki pole za ovyoovyo kutoka kwenye kamba, klabu imweke mtu maalumu wa pole kwenye kila shimo. Akina mama wa kanisa letu wako tayari. Hii ni kazi wanayoijua na wameifanya kwenye nyumba za watu wakubwa. Shimo la saba litahitaji kwaya. Itaimba mpira ukiwa mchangani tu, ukitoka itanyamaza, ingawa kwa wachezaji wengine nashauri kwaya iletewe uji. Kwa kuwa watu watakaa muda mrefu, pawe na hema, viti, na chai ya maziwa, kama matanga yoyote yenye heshima.

Na mwisho, kikombe chenyewe. Kwa nini apewe aliyepiga mara chache? Huyo alikwenda nyumbani salama, ana shida gani? Kikombe apewe aliyepata pole nyingi zaidi, maana ndiye aliyeteseka, na mapigo yote aliyopiga yahesabiwe kuwa sifa. Kwa hesabu hiyo bingwa wa mwezi huu si yule wa kiatu kimoja. Bingwa anaishi nyumba za Ondiek, na ningependa kikombe kiletwe kabla shangazi hajarudi.

Ni matumaini yangu kwamba kamati yako itakaa juu ya barua hii kama ilivyokaa juu ya nyasi, na kwamba mwezi wa Desemba nitakuwa kwenye kamba na kigoda changu. Wasalimie wanakamati wote na wake zao. Mzee Zadock msalimie mwisho. Yule mgeni wa kofia nyeupe akija tena msalimie pia, polepole.

Ni mimi niliyeondolewa bila kumfundisha mtu,

Agneta, mke wa Dalmas.

Tanbihi: Bwana Katibu, leo ni Jumatano na bahasha nilikuwa sijaifunga. Jana jioni nilikuwa nakoroga uji, ukaruka ukaniunguza kidole cha shahada. Bwana Dalmas alikuwa mezani anasoma gazeti. Nikangoja anieleze jinsi mwiko unavyoshikwa. Akaweka gazeti chini, akainuka, akashika mkono wangu akauingiza kwenye maji baridi, akasema, "Mos, nyar Asembo. Mos." Binti wa Asembo, hilo ndilo jina aliloniita wakati wa uchumba, na nilidhani amelisahau. Alisema mos mara mbili, Bwana Katibu, na mimi nilikuwa nimesimama tu, sikuwa na haraka yoyote. Halafu akaona haya akatoka nje kutazama kuku. Nililia kidogo, na si kwa ajili ya kidole.

Kwa hiyo naondoa malalamiko yote ya hapo juu, na ningeandika upya ila karatasi zimekwisha. Nyasi msikate. Handaki la shimo la saba liongezwe kina, na kama kuna mahali pa kuweka lingine, wekeni. Mume wangu asikose kucheza Desemba hata kama atasema anaumwa mgongo. Kuhusu kamba, nitakaa nyumbani kama mnavyotaka, kwa sababu sasa nina sababu ya kukaa. Ila siku hiyo tafadhali mtume mtu mapema aniambie Bwana Dalmas amepiga ngapi. Ikizidi mia moja thelathini nitabandika uji kabla hajafika. Nina vidole vingine tisa.