Mwasisi wa Ufipa Barabarani

Jumatatu, 9 Juni 2025

Baridi kali. Sweta mbili. Hasira moja, ila kubwa.

Naandika hapa ili isije ikasahaulika: mwasisi wa Ufipa Barabarani ni mimi, Isdori, mwenye steshenari ya Milanzi. Ni gemu la mabasi. Wachezaji wanaendesha kwa simu zao kutoka Laela mpaka Sumbawanga mjini, na seva yake ni kompyuta iliyoko chini ya meza yangu, jirani na mashine ya fotokopi. Barabara nimeichora mimi. Stendi ya Laela nimeichora mimi, mpaka akina mama wa mahindi ya kuchoma.

Halafu kuna Kabula. Anauza maziwa na mtindi, ukuta kwa ukuta na duka langu. Kwao Mpui, familia ya wafugaji. Mwezi wa tatu nilimruhusu aguse skripti za seva, yale maandishi ya amri yanayoliendesha gemu, kwa huruma tu, maana Mpui niliisahau kwenye ramani na alikuwa ananung'unika. Akaiweka. Akaweka na ng'ombe wanaovuka barabara. Sasa watu wanasimamisha mabasi makusudi wawaangalie ng'ombe! Stendi yangu wanaipita kama choo cha shule.

Leo asubuhi kundi letu la simu limejaa sifa. Seva haikwami tena. Zamani kila mchezaji alikuwa na orodha ndefu ya ndiyo na hapana: anaruhusiwa kuongea, ndiyo, kuendesha, ndiyo, upolisi, hapana. Kabula kaifuta yote. Sasa kila mtu ana namba moja. Moja ni kuongea, mbili kuendesha, nne upolisi, nane kumfukuza mkorofi, kumi na sita kuwasha na kuzima seva. Ulivyopewa vinajumlishwa. Mimi ni 31, yaani kila kitu. Yeye ni 11. Abuu, yule wa ofisi ya kukatia tiketi, kamwekea Kabula alama sita za makofi. Nilipomaliza stendi ya Laela aliniwekea moja.

Mke wangu Coleta, ambaye cherehani yake iko hapo barazani, akaniuliza hiyo namba moja inabebaje mambo matano. Nikamjibu ni mambo ya kitaalamu. Akaenda kumuuliza Kabula. Nikawasikia wanacheka.

Na hili ndilo kubwa: Mama Hamisa wa kituo cha vijana anakuja Jumamosi dukani kuangalia msafara wetu wa mabasi ndani ya gemu. Anatafuta mkufunzi wa kompyuta. Mkufunzi anavaa kitambulisho shingoni. Shingo ninayo.

Jumanne, 10 Juni

Leo nimetenda.

Wazo lilinijia nikitoa kopi za vyeti vya kuzaliwa. Kabula ana 11. Ndani yake mna nane, ile ya kufukuza watu. Mtu wa maziwa anafukuzaje watu kwenye seva yangu? Nikaamua kumpunguzia. Hesabu ya darasa la pili: 11 toa 8, inabaki 3. Aongee, aendeshe, basi.

Nikaandika amri ya kutoa nane. Nikabonyeza. Skrini kimya. Nikabonyeza tena. Bado kimya. Mteja akaingia anataka bahasha ya kaki. Nikamhudumia kwa tabasamu mpaka akaniuliza kama nimepata mtoto.

Mchana nimekunywa chai kwa utulivu ambao sijaupata tangu mwezi wa tatu.

Jumatano, 11 Juni

Balaa!

Kumbe ile amri ilipita mara mbili. 11 toa 8 ni 3. Halafu 3 toa 8 ni hasi 5. Nikadhani mwenye hasi ni mtu wa chini kabisa, chini hata ya mgeni. Hapana. Kwa kompyuta, namba hasi ni kama nyumba iliyowashwa taa vyumba vyote. Hasi tano ina kila taa isipokuwa ile ya namba 4, ya upolisi. Nimempa Kabula kufukuza, kuwasha, kuzima, na hata mamlaka ambayo hatujayatunga!

Yeye mwenyewe ndiye aliyegundua, na hakukaa kimya. Kaandika kwenye kundi kwamba kaka Isdori kampandisha cheo kupita kiasi, anashukuru sana, lakini amejirudisha mwenyewe kwenye 11 kwa sababu inamtosha. Inamtosha! Nani kakuuliza? Watu wakanisifia ukarimu. Makofi manne. Nikajibu kwamba kiongozi lazima akuze wengine. Ila yeye kwa kujirudisha kapata tisa.

Akaja dukani na vifuniko vitano vya chupa za maziwa. Akasema, kwa adabu kabisa, pengine tuzipitie pamoja zile alama za kuandikia amri. Akavipanga mezani kwa mstari, kila kimoja na kazi yake. Kinachotazama juu kimewaka, kinachotazama chini kimezimika.

Alieleza hivi, na nimeandika ili ionekane nilikuwepo. Alama ya | inawasha kifuniko unachokitaka bila kugusa vingine. Alama ya & inaangalia palipowaka pande zote mbili, pengine pote inazima; ndiyo ya kuulizia kama mtu ana ruhusa fulani. Ukitaka kuzima kimoja tu, unaitumia & pamoja na ~ ambayo ni kinyume. Na ^ inageuza: kilichowaka kinazimika, kilichozimika kinawaka.

"Kaka Isdori, tuko pamoja?" akauliza.

"Mimi nilishavuka hapo zamani," nikamwambia.

Ukweli nilikuwa namtazama Coleta. Alisimamisha cherehani, akaja na nguo ya mtu begani, akavigeuza vile vifuniko mwenyewe na kupata jibu sahihi mara tatu. Kabula akampigia makofi. Miaka kumi na minne ya ndoa, mimi hajawahi kuniomba nimfundishe kitu.

Alhamisi, 12 Juni

Sitaki kuiandika siku hii. Naiandika.

Nilitunga mamlaka mapya, namba 32: Mwasisi. Mwenye nayo jina lake linang'aa dhahabu. Mama Hamisa akiona dhahabu, hataangalia ng'ombe.

Nilikuwa na 31. Nataka 31 na 32. "Na" ni &. Kila mtu anajua & ni "na", hata kwenye vibao vya maduka wanaandika baba & wana. Nikaandika 31 & 32. Nikabonyeza mara moja tu, kwa sababu mimi ni mtu wa kujifunza.

Jibu: sifuri.

Hakuna taa iliyowaka pande zote mbili. Zote zikazimika. Mwasisi hawezi kuongea, hawezi kuendesha, hawezi chochote! Basi langu likafa katikati ya lango la stendi ya Laela, stendi niliyoichora kwa mikono yangu, na nyuma yake mabasi kumi na moja yanapiga honi.

Akaja polisi. Na polisi wa Ufipa Barabarani ni nani? Mzee Romani. Baba mkwe. Amestaafu kazi ya misitu, anacheza kutoka sebuleni kwake na miwani mbili, na kazi anaifanya kwa moyo kuliko polisi wa kweli. Akaniandikia kwa heshima kwamba dereva nisogeze gari. Sikuweza kuandika. Akaniuliza kama ni mgonjwa. Kimya. Akaandika kwamba yeye ni Romani, kama simtambui. Kimya! Vidole vyangu vinaandika shikamoo baba, shikamoo baba, na skrini haipokei hata herufi.

Akaniweka mahabusu.

Kisha akampigia Coleta simu. Akamwambia mume wako siku hizi ana kiburi, amenitazama machoni akakataa kunisalimia. Coleta akaniangalia mimi, akaangalia kompyuta, akauliza nimegusa nini.

Nikajiandikia 63 kwa mkono, ndani ya kompyuta ya seva yenyewe, bila alama yoyote. Ikakubali. Jina likang'aa dhahabu, ndani ya mahabusu.

Ijumaa, 13 Juni

Upepo wa leo unang'oa mabati. Sijali.

Nimekwenda kumsalimia Mzee Romani. Shikamoo mbili. Kaitikia moja.

Njiani kurudi nikamwona Kabula kwenye baiskeli, madumu pande zote mbili, na Abuu anamkimbilia amwonyeshe kitu kwenye simu. Mimi nilikuwa upande huu wa barabara. Nina simu pia. Hakunikimbilia mtu.

Nikaamua. Kesho polisi anayeongoza msafara atakuwa mmoja tu, wa dhahabu. Mzee lazima avuliwe upolisi, kwa saa moja tu, kisha namrudishia na hatajua. Alama ipi? Nikakumbuka ile ^ iliyokaa kama kikofia. Mimi nataka kumvua mtu kofia. Inajieleza! Inageuza, kilichowaka kinazimika. Mzee ana upolisi, utazimika. Hapo nakiri nilimsikiliza Kabula vizuri.

Nikaandika amri ya ^ 4, nikaipangia ijiendeshe yenyewe kesho saa nne na dakika kumi. Pana sehemu ya jina la mchezaji. Nilikuwa naijaza, mteja akaja na mtihani wa kuchapa, kurasa ishirini. Nikahifadhi amri, nikamhudumia.

Nimepiga pasi shati jeupe.

Jumamosi, 14 Juni

Saa nne kamili. Mama Hamisa kwenye kiti cha wateja, mwanamke wa maneno machache, kikombe cha maziwa ya moto mkononi. Maziwa ya nani? Ya Kabula. Mimi nilikuwa nimenunua soda, hakuiangalia.

Mabasi arobaini na moja yanatoka Laela kwa mstari. Mimi mbele, dhahabu. Mama Hamisa akauliza hiyo dhahabu ni nini. Nikamwambia mwasisi. Akatikisa kichwa vizuri. Nilianza kuhisi kamba ya kitambulisho shingoni.

Saa nne na dakika kumi. Filimbi.

Filimbi moja, kisha kumi, kisha zote. Kumbe sehemu ya jina ukiiacha wazi, amri inakwenda kwa kila mtu. Wasio polisi wakawa polisi. Waliokuwa polisi wakavuliwa. Na waliokuwa polisi ni wawili tu: Mzee Romani na mimi!

Polisi thelathini na tisa kwenye barabara moja! Abuu akamkamata aliye mbele yake kwa mwendo kasi. Aliye nyuma akamkamata Abuu kwa kusimama hovyo. Mabasi yakapangana Mpui kama mafiga, na ng'ombe wakapita katikati bila kusumbuliwa. Mimi nikakamatwa na watu saba. Mmoja aliandika kosa langu: kung'aa.

Mama Hamisa akaweka kikombe chini. Akauliza kama hivi ndivyo ilivyopangwa.

Kabla sijajibu, mlangoni Mzee Romani. Kwa miguu, koti kubwa, miwani zote mbili. Nilisimama nikatoa shikamoo. Hakuitikia.

"Nimelitumikia taifa miaka thelathini na moja msituni," akasema. "Sikuwahi kuvuliwa kofia. Nani kanivua leo?"

Coleta akasimamisha cherehani. Nilitaka kuwa na sifuri tena, niwe na sababu ya kutoongea.

Kabula akaingia kutoka dukani kwake, akaomba kiti changu. Akafungua kumbukumbu za amri, akasoma. Jina langu lilikuwa pale, herufi sita. Akaliona. Akanitazama kidogo, akaandika mstari mmoja: amri ile ile, ^ 4, kwa watu wote. Nikataka kupiga kelele kwamba anaongeza moto. Akabonyeza.

Kila kitu kikarudi kilivyokuwa. Akamweleza Mama Hamisa kwamba alama hiyo ukiipitisha mara ya pili inageuza kilichogeuzwa, kwa hiyo hakuna kilichopotea. Mzee Romani akaingia barabarani kwa simu ya Coleta, akapuliza filimbi moja ndefu, msafara ukaondoka.

"Amri ilitumwa na nani?" Mama Hamisa akauliza.

"Sehemu ya jina ilibaki wazi, mama," Kabula akasema. "Inatokea hata kwa wazoefu."

Hata kwa wazoefu! Angenitaja ningemchukia kwa raha. Sasa nimchukieje?

Nimejaribu. Nimeweza.

Mama Hamisa kampa Kabula kazi ya ukufunzi, kila Jumanne, kuanzia wiki ijayo. Kwangu kaaga kwa kusema soda nimpe mzee.

Jumapili, 15 Juni

Kanisani Coleta hakuniambia neno. Nyumbani aliniambia yote. Kwamba anajua. Kwamba baba yake naye anajua, ila ameamua kunisamehe baada ya mavuno. Kwamba yule binti kanisitiri mbele ya watu, na mimi bado natembea nimevimba kama chura. Akasema niende nikamshukuru, tena leo.

Nimekwenda. Nimemshukuru. Kabula kasema yamekwisha, kaka, halafu akaniomba nimchapie matangazo ya darasa, maana hakuna anayepanga maandishi vizuri kama mimi Milanzi nzima. Nilikaribia kulia. Kweli nina jicho la maandishi.

Coleta akaniagiza: chapa kama yalivyo, usiguse kitu.

Sikugusa kitu chake. Darasa lake la Jumanne liko pale pale, chini, kwa herufi za kusomeka ukisogea. Juu nimeongeza tu darasa la utangulizi, Jumatatu, yaani kesho saa tisa, hapa steshenari. Mkufunzi: Isdori, Mwasisi. Mada: alama za skripti za seva. Nimetoa nakala mia mbili na kuzibandika mpaka stendi. Kitambulisho nimejichapia, nimekipitisha kwenye leminesheni, kiko shingoni naandika nacho.

Wamejiandikisha thelathini na wawili. Abuu yumo. Mzee Romani kajiandikisha wa kwanza, anataka kukaa mbele.

Sina wasiwasi hata kidogo. Alama zenyewe ni nne tu. Na mtu akiuliza swali, nitamwambia hilo ni la Jumanne.