Watoto Ishirini na Saba wa Ndugu Watatu

Wenzangu, leo uso wangu sijui niuweke wapi. Nipo bwenini, mlango nimeufunga kwa ufunguo, simu inaita na sipokei.

Mnajua nasomea mambo ya idadi ya watu na ukuaji wa miji hapa Guangzhou. Leo saa nane mchana ilikuwa zamu yangu kutetea utafiti mbele ya profesa wangu na wenzake wawili. Wakiukubali, naendelea na shahada. Wakiukataa, ufadhili unakatwa na narudi Tanga na begi langu.

Utafiti wenyewe niliwahoji wafanyabiashara wetu wa Kitanzania walioko huku. Umri, makazi, watoto wangapi. Profesa aliniambia mapema, "Rudi kwao ukahakikishe majibu." Nikamjibu, "Hawa ni watu wangu, nawajua." (Nilisema hivyo nikiwa nimekunja nne.)

Tena nikaalika wahojiwa waje kusikiliza, ili nionekane mtu wa watu. Wakaja ndugu watatu wa Dar. Kaka Salum, anayenunua midoli mtaa wa Yide Lu. Hamisi, wa nguo za soko la Shisanhang. Na mdogo wao Idi, anayefuata mikoba kule Shiling. Wamepiga pasi kanzu zao, wamekaa safu ya mbele.

Nilianza vizuri. Ulaya, mstari wa idadi ya watu umelala. Asia ya Mashariki, unateremka. Amerika ya Kusini, watu walishahamia mijini siku nyingi. Kisha Afrika, mstari unapanda tu, na miji yetu inajaa kabla mabomba ya maji hayajafika. Profesa akaitikia kwa kichwa. Hapo changu kikavimba.

Nikaleta mfano niliouringia wiki nzima: ndugu watatu, kila mmoja ana watoto tisa. Jumla ishirini na saba, wote mji mmoja. Nikasema kwa Kiingereza changu cha kuvalia tai, "Watu hawa wanazaa bila mpango, na mzigo unabebwa na mji."

(Watatu, wote tisa. Sikushtuka. Idi ana miaka ishirini na minne. Hapo pia sikushtuka.)

Kaka Salum akanyoosha mkono, akaniuliza kwa Kiswahili. "Mdogo wangu, Kiingereza changu ni cha bei na punguzo, lakini hiyo ishirini na saba nimeisikia. Ni ya nini?"

"Ni watoto wenu, kaka."

"Wetu wako tisa."

"Ndiyo. Tisa wako, tisa wa Hamisi, tisa wa Idi."

"Ni walewale tisa. Nyumba moja Temeke, sufuria moja. Mimi nimezaa watatu, Hamisi wawili. Wanne ni wa dada yetu, marehemu. Ulituuliza tuna watoto wangapi, tukakujibu. Mwambie na laoban wako, huyo bosi wako hapo."

Idi akaongeza taratibu, "Mimi hata mchumba sina, bro."

Profesa akataka kujua wanasema nini. Na mkalimani ukumbi mzima ni nani? Ni mimi. Nikasimama pale nikatafsiri kuumbuka kwangu mwenyewe, neno kwa neno, mpaka kwenye marehemu. Nilikuwa nimewasema watu wanaolea mayatima, tena mbele yao, na wao wamenijia na kanzu za Ijumaa.

Profesa akavua miwani. "Kwa hiyo mzigo," akauliza, "unabebwa na nani?"

Nikamtazama Kaka Salum, naye akatazama sakafu. Aibu ilikuwa yangu lakini yeye ndiye aliyenionea haya.

Profesa na wenzake hawakuukataa utafiti. Wamenipa mwezi mmoja nirudie fomu zote, nyumba kwa nyumba, mtoto kwa mtoto. Nje Kaka Salum akanishika bega. "Kesho njoo ule kwetu. Utuulize tena, safari hii polepole." Bora angenitukana.

Sasa naomba msinicheke. Mimi mwenyewe nimelelewa na baba mdogo, na kwenye fomu ya ufadhili, penye jina la baba, niliandika lake bila hata kufikiri mara mbili.