Malalamiko Kuhusu Vitenzi Vitatu vya Kihispania na Mume Mmoja

Ndugu Mhariri wa Kamusi Ndogo ya Kihispania na Kiswahili,

Naomba radhi kwa kuchelewa kukuandikia. Nilianza barua hii mpunga ukiwa majani tu, sasa umeinamisha vichwa. Nikishika kalamu, mwanangu Mwamvua huamka. Akilala, huja ndege. Karatasi ya kwanza aliila. Hii ni ya pili.

Naandika nikiwa dunguni, kwenye kibanda cha juu ya miti tunamokaa kulinda mpunga. Wa kukaa hapa kwa haki ni mume wangu Haidari, lakini yeye yuko Nyamisati anapanda mikoko ya Wahispania. Nilivyoelezwa, kampuni ya kwao inatoa moshi mwingi huko, kwa hiyo inapanda mikoko huku, halafu moshi na mkoko vinahesabiwa vimemalizana. Sina ugomvi na hilo. Nauliza tu: mimi waliyenichukulia mume, wamenipandia nini?

Haidari mwenyewe haombi ruhusa, anaona wenzake watamcheka. Nikamtuma Hemedy, mkalimani wa mradi, amwambie bosi wao Bi. Amparo kwamba mume wangu aje akae nyumbani hadi tuvune, maana mtoto anakua na baba hamjui. Hemedy akanipigia simu: "Shemeji, nimefikisha, tena kwa heshima zote!" Heshima ilizidi. Nikaletewa fulana yenye picha ya mkoko. Nikalalamika tena, nikaletewa kofia. Nikaona nikiendelea hivi nitapata sare kamili na mume nisimpate. Ndipo nikaamua kuandika mwenyewe kwa Kihispania, mimi niliyeshindwa hata na Kiingereza cha shule. Kamusi yako niliikuta kwa mjumbe, inazuia mlango usijifunge.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Nilitafuta neno moja tu, la kusema kwamba jambo hili lisiachwe hivihivi bila kitu cha kulisawazisha. Umenipa matatu. Kwenye *oponerse* umeandika "kupinga, tazama *contrarrestar*." Kwenye *contrarrestar*, "kukabili, tazama *compensar*." Kwenye *compensar*, "kufidia, tazama *oponerse*." Ndugu Mhariri, hata mtendaji wa kijiji akikuzungusha, kwanza hukupa benchi.

2. Ikabidi tofauti zake nijifunzie nyumbani. *Oponerse* ni mama mkwe wangu, Bi. Mwanaharusi, akisimama mlangoni: "Mkwe wangu, huko huendi!" *Contrarrestar* ni mchuzi uliozidi chumvi ukaongezwa tui, chumvi haijatoka, ila imeshikwa mkono. *Compensar* ni siku ile niliyokula uji wa mtoto kwa usingizi, nikampa ndizi. Uji haukurudi, lakini kilio kilikwisha. Nilijivuna sana kwa ugunduzi huu. Halafu nikakumbuka kwamba barua bado sijaandika, na uji nimeshaula.

3. Kila kitenzi kina hatari yake. Nikiandika *oponerse*, Bi. Amparo ataona naipinga kazi yenyewe, Haidari atafukuzwa, na kazi tunaihitaji. Nikiandika *compensar*, ataniletea kitu badala ya mume, na vitu vyao nimeshaviona. Nikiandika *contrarrestar*, atadhani nakuja na panga.

4. Nikavifanyia mazoezi hapahapa dunguni, kwa kuwa huku kupiga kelele ndiyo kazi yenyewe. Nikawa nafukuza ndege kwa vitenzi. Kwa *oponerse* hawakuinua hata shingo. Kwa *compensar* waliendelea kula, tena kwa raha. Kwa *contrarrestar*, zile r mbili za katikati zilipozunguka, waliruka wote mpaka shamba la jirani. Nikadhani jibu nimelipata. Kumbe Bi. Mwanaharusi alikuwa chini anapalilia, akanisikia. Akaenda kutangaza kwamba mkwe wake kapandisha shetani wa kigeni. Nikaletewa kombe, dua zilizoandikwa kwenye sahani zikaoshwa kwa maji, ninywe. Nilikunywa yote, nilikuwa na kiu.

"Anasemaje huyo shetani?" jirani akauliza.

"Anasema kontra, kontra," mama mkwe akajibu, "ila hataji anachotaka!"

Hapo alinieleza vizuri kuliko kamusi yako.

5. Hili ndilo linaloniuma. Neno la kwanza la Mwamvua nilikuwa namtunzia Haidari. Kila kijiko cha uji nilikisindikiza na "baba". Juzi ndege walitua, mtoto akanyoosha kidole akasema, "Kontra!" Nilicheka, kisha nikageukia upande wa pili ili asinione uso.

Kwa hiyo naomba vitenzi viwili vifutwe, kibaki kimoja. Wahispania wakikataa, wakae navyo kwao, sisi tayari tunawatunzia moshi. Wakizidi kukataa, iundwe kamati. Mimi niko tayari kuwa mjumbe, ilimradi vikao vifanyike dunguni na kila mjumbe aje na kombeo lake.

Nisalimie wote hapo ofisini, wachapaji, na yule aliyebuni "tazama". Mwambie simchukii, nimechoka tu.

Wako, kati ya ndege na kamusi,
Kijakazi Mshamu (Mama Mwamvua)
Dunguni, bonde la Ndundu, kwa kupitia Kibiti

N.B. Barua hii ilikuwa bado haijapata mtu wa kuipeleka Kibiti. Ile ya Bi. Amparo sikungoja jibu lako, niliituma na vitenzi vyote vitatu kwenye mstari mmoja. Haidari anasema bosi aliisoma, akacheka mpaka akatafuta pa kukaa, kisha akamwambia nenda kwenu hadi mvune. Ameingia asubuhi hii. Mwamvua alimtazama, akamnyooshea kidole: "Kontra!" Kisha akakubali kubebwa. Sasa wamelala hapa, mtoto kifuani kwa baba, wote wawili wanakoroma. Ndege wanakula mpunga, nami sina moyo wa kupiga kelele.

Basi usifute kitenzi hata kimoja. Ninavyohitaji uniletee ni hivi: kitenzi cha nne, cha kufukuza ndege kimyakimya, karatasi chache, zisizo tamu, na ule ukurasa wa herufi P ambao Mwamvua ameutafuna, maana ndimo lilimo neno "baba" kwa Kihispania. Huenda la kigeni atalikubali.