Gomesi ya Robina na Mama Mkwe Uani

Leo, marafiki, nimejidhalilisha mchana kweupe, tena kwa magoti yangu mwenyewe.

Mnajua mimi si mtu wa kukaa. Toka Bukavu nilipita Goma, Bunagana, Kisoro, Mbarara, kote napanga chumba, nahama. Hapa Nateete ni mwaka wa pili sasa, tangu nimuoe Robina. Yeye mjane, mimi mgane. Mimi nilikuja na wanangu wawili, Baraka na Safi. Yeye ana Nantongo, wa miaka kumi na miwili. Wanangu walimwita Robina mama ndani ya wiki moja (alipika chapati). Nantongo ananiita "wewe". Siku za adabu, "wewe Mkongo". Ndiyo maana begi langu bado lina nusu ya nguo zangu (huwezi kujua).

Basi leo Robina yuko soko la Owino anauza nguo, mimi naoga uani kwenye bafu letu la mabati. Povu kichwa kizima. Nasikia hodi. Mama mkwe! Ametoka Masaka bila taarifa, kuona kama mjukuu wake anatunzwa vizuri kwa huyu mgeni. Asiporidhika anaondoka naye. Alishasema tangu harusi.

Sasa, kwa Waganda mwanamume na mama mkwe wake hawagusani, hata kukaribiana ni mwiko. Ukikosea, wanasema mikono itakutetemeka maisha yote. Yangu ilishaanza (maji yalikuwa baridi).

Nantongo akamtandikia bibi yake mkeka uani, hatua nne kutoka mlango wa bafu. Taulo langu liko kwenye kamba, juu ya kichwa chake.

Nusu saa ikapita. Nikapiga chafya. Bibi akauliza nani yumo humo. Nantongo akajibu bila kusita kwamba ni mama jirani, anaumwa. Punde gomesi ya Robina, lile vazi refu la mabega yaliyochongoka, ikaniangukia kutoka nyuma ya mabati, pamoja na kitambaa cha kichwa.

"Vaa upite haraka," Nantongo akaninong'oneza. "Na usiongee, wewe Mkongo."

Nikavaa. Mkanda sikujua unafungwaje, nikaushikilia kwa mkono. Nikatoka kichwa chini, hatua ndogondogo (niliringa kidogo, sikatai). Nimekaribia mlango wa nyumba, mama mkwe akanisalimu.

Mwanamke wa hapa akisalimiwa na mkubwa wake hupiga magoti. Nikapiga magoti. Nikakanyaga pindo, nikaanguka mbele, mkanda ukaniponyoka, na kifua changu chenye manyoya kikatokeza kusalimia. Dirishani Baraka na Safi walikuwa hoi kwa kicheko. Mama mkwe, macho yake si mazuri, akanyoosha mkono amwinue mgonjwa. Mkono unakuja. Unakuja.

"Jajja, usimguse!" Nantongo akampigia bibi yake kelele. "Huyo ni baba!"

Bibi akajifunika uso kwa shuka lake. Mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Akageukia ukuta, akamwambia mjukuu wake, kwa kuwa kusema nami moja kwa moja hairuhusiwi, "Mwambie baba yako sikuona kitu. Na mwambie mkanda hufungwa mbele."

Ameondoka jioni hii. Peke yake.

Nantongo ameshairudia "wewe" yake, lakini nilisikia, na mashahidi ninao. Begi nimelitoa nguo zote, sasa Safi anawekea vitabu. Robina bado yuko njiani kurudi. Atakayemsimulia kabla yangu, huyo si rafiki.