Nyumba Elfu Mbili Mtoni

Jumatatu, 3 Machi
Mfumo umekamilika! Ramani ya mkoa mzima, alama milioni arobaini: nyumba, visima, hata nguzo za umeme. Unauliza, unajibiwa kabla hujapepesa jicho. Ijumaa namwonyesha mkuu wa kitivo. Akiridhika, maabara inabaki yangu. Asiporidhika, anapewa mhadhiri wa mlango wa pili. Leo nimemfuma akipima madirisha yangu. Mapazia, eti!

Jumanne, 4 Machi
Nimemwonyesha Baba. Miaka thelathini na minne aligawa barua za posta kwa baiskeli. Nilitaka anisifu, basi. Akavaa miwani, akauliza kwa upole mbona kwenye ramani fundi saa wa ng'ambo anakaa mtoni. Nikacheka. Nikaangalia. Yumo mtoni! Yeye na nyumba elfu mbili za mtaa wake.

Jumatano, 5 Machi
Mbinu ya kisayansi: nimeusogeza mkoa wote mita mia mbili mashariki. Fundi saa kaokoka. Soko limezama. Mke wangu kaniuliza kwa nini simwombi Baba. Nikamjibu kwamba profesa hasaidiwi na baiskeli. Kaondoka na chai yangu.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemwomba Baba. Hakunicheka, na hilo liliniuma zaidi. Kutwa tumetembea ng'ambo ya mto, yeye mbele na fimbo, mimi nyuma na laptopu. Hapa fundi saa. Hapa mama wa mapacha, ila mlango uko uani. Hakukosea hata mmoja! Kumbe ramani ya zamani ya mtaa huo iliingizwa vibaya. Nyumba kumi na mbili alizonionyesha Baba zimetosha kuuvuta mtaa wote mahali pake.

Kwenye geti moja la buluu akasimama. Akasema nilipokuwa na miaka minne alinileta hapa kwa baiskeli, nikalia mpaka akaniachia nikabidhi barua mwenyewe.

“Nilidhani umeikimbia kazi yangu, mwanangu,” akasema. “Kumbe unaifanya ukiwa umekaa.”

Nikajifanya nakagua betri. Muda mrefu.

Ijumaa, 7 Machi
Mkuu wa kitivo akaulizia nyumba ya dada yake. Jibu papo hapo, mlango wa uani na yote! Akataka kujua ni nani mzee aliyekaa kwenye kona na shati lililopigwa pasi. Nikasema mtafiti mwenzangu. Baba akajiweka sawa kitini, akakohoa kiprofesa. Maabara ni yangu!

Jumamosi, 8 Machi
Baba kaja asubuhi na chupa ya maji na kofia mbili. Eti kaona kosa dogo mtaa wa kilimani, twende tukatembee. Nimemkumbatia, nikamketisha, nikamwambia apumzike sasa. Nimebuni kanuni itakayosahihisha mkoa mzima yenyewe, bila mtu kuinuka. Imemaliza kwa sekunde tisa. Ramani mpya nimeshaituma ofisini kwa mkuu wa kitivo. Kuikagua ya nini?

Mkuu wa kitivo amepiga simu mara tatu. Pongezi, bila shaka.